Bahari ya nyuzi 31 inamuuaje samaki?

Kila picha za samaki waliokufa ufukweni zinapoanza kuzunguka kwenye simu, kuna swali huulizwa, na ni swali la haki kabisa. Bahari yetu ya pwani ya Afrika Mashariki, hata mwezi wa tatu ambapo joto limefika kileleni, haizidi sana nyuzi 30 au 31 za sentigredi. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga yana joto kuliko hayo. Basi samaki anakufaje humo?

Swali lisipojibiwa, majibu mengine huziba pengo. Meli imemwaga sumu. Tsunami inakuja na samaki wamejua kabla yetu. Chini ya bahari kuna kitu kinachemka. Wapo pia waliochoshwa na habari za tabianchi kiasi kwamba wakisikia neno joto tu wanafunga masikio. Nawaelewa, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba joto linaua bila kuelezwa linaua vipi.

Joto la bahari mara chache sana humpika kiumbe. Humnyima pumzi, humwongezea njaa, humvunjia ushirika unaomweka hai, au humfungulia mlango adui aliyekuwapo siku zote. Ndiyo maana maji yaleyale, siku ileile, yanaweza kumuua huyu na kumwacha jirani yake akiogelea.

Maneno mawili kabla ya kuingia majini

Vifo vya halaiki ni pale viumbe wengi wanapokufa mahali pamoja kwa muda mfupi, kupita kiasi cha kawaida. Samaki watatu wanne walioachwa mchangani baada ya wavuvi kuvuta juya hawahesabiwi humo.

Wimbi la joto baharini si wimbi la maji. Ni kipindi ambacho joto la bahari mahali fulani linakaa juu isivyo kawaida kwa siku tano mfululizo au zaidi. Isivyo kawaida maana yake ni hii: ukichukua rekodi za miaka kama 30 za mahali hapohapo na msimu huohuo, siku tisa kati ya kumi hazikufikia joto hilo. Zingatia "mahali hapohapo". Nyuzi 16 ni joto la hatari kwa viumbe wa Alaska. Huku Mafia maji ya nyuzi 16 yangemtetemesha mtu. Hakuna namba moja ya joto inayoua dunia nzima. Kila kiumbe ana dari yake, na dari hiyo imejengwa na maji aliyozaliwa ndani yake.

Kwa nini nyuzi moja ni nyingi

Ukikaa uani mchana wa jua kali, bati la paa linaunguza na maji ya pipani bado yana ubaridi. Njoo usiku: bati limeshapoa, maji ya pipa ndiyo kwanza yana uvuguvugu. Maji hupokea joto pole pole na huliachia pole pole. Bahari ni pipa kubwa kuliko yote. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililobakizwa duniani na gesi za ukaa limeingia baharini. Tabaka la juu la bahari, lenye kina cha mita tatu hivi tu, linabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu ya dunia.

Kwa sababu hiyo viumbe wa baharini hawajazoea mabadiliko makubwa. Mbuzi wa Dodoma anaweza kuamka kwenye nyuzi 16 na kufika mchana akiwa kwenye 30, na jioni akala majani yake kama kawaida. Changu wa mwambani Pemba huishi mwaka mzima kati ya nyuzi 25 hivi za wakati wa kusi na 29 au 30 za mwisho wa kaskazi. Mwili wake umepangwa kwa nafasi hiyo finyu.

Tena viumbe wa maeneo ya joto kama yetu wanaishi karibu sana na dari. Watu hudhani wa huku wamezoea joto kwa hiyo wataumia kidogo. Ni kinyume. Mtu aliyesimama maji yakiwa magotini, ukimwongezea shubiri moja ya maji hatashtuka. Aliye na maji shingoni, shubiri hiyohiyo inamzamisha. Kila mwezi wa tatu matumbawe yetu huwa na maji shingoni.

Mwezi wa tatu na wa nne ni tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijashika. Upepo unalala, bahari inakuwa kama kioo. Mvuvi anaifurahia bahari hiyo, lakini ndiyo inayopika. Upepo ungeyachanganya maji ya juu na ya chini na kuyapoza. Usipovuma, jua linashuka moja kwa moja hadi mwambani, siku baada ya siku.

Pumzi

Injika sufuria ya maji ya chai na uitazame kabla haijachemka. Utaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania ubavuni na chini, maji yakiwa hayajafikia hata nusu ya kuchemka. Vipovu vile ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, inafukuzwa na joto. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kushika hewa. Maji baridi ya mto yenye nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika saba na nusu. Maji ya chumvi hushika pungufu ya hapo.

Na hata hicho kiasi cha kawaida ni kidogo. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyomo kwenye lita moja ya maji ya bahari. Samaki anapitisha maji mengi kwenye matamvua, yale mashavu mekundu tunayoyafunua sokoni kuangalia kama samaki ni mbichi, ili apate pumzi ndogo.

Joto linafanya jambo la pili wakati uleule. Samaki hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi; mwili wake unafuata maji. Maji yakipanda, mwili wake unafanya kazi haraka zaidi, moyo unapiga mbio, na anahitaji oksijeni nyingi zaidi. Ni sawa na mtu aliyepunguziwa mshahara mwezi uleule kodi ya nyumba imepanda. Kila moja peke yake lingevumilika.

Wakubwa na wenye mbio huanza kuanguka. Mfano uko karibu, ziwani. Mwanzoni mwa 2021 watu wa Uganda waliamka na kukuta sangara wakubwa wamekufa wanaelea kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga. Uvumi wa sumu ulienea upesi. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imeshuka baada ya dhoruba kuvuruga maji na kuleta juu maji ya chini yasiyo na hewa. Kilichowatatiza watu ni kuona sangara wamekufa na sato ni wazima. Sumu ingechaguaje? Lakini kukosa hewa huchagua: sangara anahitaji oksijeni nyingi, sato anajikimu na kidogo. Lakini sato naye si wa chuma. Novemba 2022 upande wa Kisumu, sato waliofugwa kwenye vizimba walikufa kwa wingi, kwa sababu wa kizimbani hawezi kukimbilia maji mengine.

Joto linaingiaje kwenye habari ya dhoruba? Kwa tabaka. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Juu likizidi kupata joto, matabaka yanazidi kukataa kuchanganyika. Huko chini wadudu wasioonekana wanaendelea kuozesha mabaki na kula oksijeni, na hewa mpya haishuki. Akiba mbaya inajijenga kimya kimya, mpaka siku upepo mkali unapoipandisha juu. Bahari nayo inapitia hayohayo kwa upana zaidi: tangu 1960 bahari za dunia zimepoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yao. Asilimia 2 inasikika ndogo, ila haikugawanywa sawasawa. Mahali pengine hapakupungua kitu, mahali pengine pamekauka hewa kabisa.

Tumbawe na mpangaji wake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pwani yetu ilipoumia zaidi, na ndipo tunapoelewana kwa shida zaidi.

Kuta za Mji Mkongwe Zanzibar na magofu ya Kilwa yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Kwa hiyo tumekua tukijua tumbawe ni jiwe. Ukimwambia mtu tumbawe limekufa, anakutazama: jiwe linakufa? Jiwe ni nyumba tu. Aliyeijenga ni mnyama mdogo laini, wengine hawazidi kichwa cha njiti ya kiberiti, mwenye mdomo mmoja na vidole vidogo kuuzunguka. Maelfu wao wameshikana ubavu kwa ubavu, kila mmoja anajijengea kikombe cha chokaa chini yake. Ngozi yao ni angavu, unaona hadi ndani.

Rangi unayoiona, ile ya kahawia, ya kijani au ya samli, si yao. Ni ya vijimea visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya ngozi yao. Huu ni upangaji wa ajabu. Mwenye nyumba anampa mpangaji mahali salama penye jua. Mpangaji anatumia jua kupika sukari na kumlisha mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula chake chote. Ndiyo maana matumbawe yanaweza kujenga miamba mikubwa kwenye maji maangavu yasiyo na chakula kingi.

Joto likizidi, jiko la mpangaji linaharibika. Linaanza kutoa oksijeni ya aina kali inayounguza nyama ya mwenyeji. Tumbawe, kujiokoa, linamfukuza mpangaji. Rangi inaondoka naye, na kupitia ile ngozi angavu unaona chokaa tupu chini. Huko ndiko kupauka. Mzamiaji anaona mwamba mweupe mithili ya chumvi, na wengine huuona mzuri.

Tumbawe lililopauka halijafa, ingawa picha nyingi huandikwa hivyo. Lina njaa. Linaishi kwa akiba, kama mtu ambaye jiko limezima nyumbani na anakula kilichobaki kabatini. Maji yakipoa mapema, vijimea vinarudi na rangi inarudi. Yasipopoa, akiba inaisha. Utajua limekufa pale weupe unapofunikwa na utando wa kijani na kahawia kama ukoga. Watafiti huhesabu kwa wiki: nyuzi moja juu ya kawaida ya mwezi wa joto zaidi, kwa wiki nne hivi, kupauka kunaanza, wiki nane, vifo vinafuata.

Mwaka 1998 maji ya moto yalikaa. El Niño, ule msimu wa kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki unaorudi kila baada ya miaka kadhaa, ilikuwa imepandisha joto, na magharibi ya Bahari ya Hindi ikawa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya kuliko zote duniani. Shelisheli na Maldivi zilipoteza karibu asilimia 90 ya matumbawe hai katika maeneo mengi. Pwani ya Kenya kuna miamba iliyopoteza zaidi ya nusu. Kukapauka tena vibaya 2016. Kisha Aprili 2024 shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, likatangaza kwamba dunia imo kwenye kupauka kwa nne kwa kimataifa, na Tanzania ilikuwa ndani ya orodha. Hadi 2025 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la miamba ya matumbawe duniani lilikuwa limepitiwa na joto la kiwango cha kupausha.

Tazama nafasi kati ya miaka hiyo: 18, halafu 8. Mwamba uliokufa sana unahitaji miaka kumi na zaidi kujijenga upya, tena usipoguswa. Uchunguzi ulioongozwa na David Obura wa CORDIO, taasisi iliyoko Mombasa, ukachapishwa Desemba 2021, ulionya kwamba miamba yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi imo kwenye hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50.

Hapo ndipo hoja ya wanaosema "El Niño ilikuwapo tangu enzi za mababu" inapojibiwa. Ilikuwapo, kweli. Kila mtu wa pwani anajua wimbi dogo siku za maji mafu haligusi hata kamba za mitumbwi. Wimbi lilelile siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, linaingia uani. El Niño ni wimbi. Wastani wa joto uliopandishwa ni bamvua.

Njaa

Kifo kingine kinachoshangaza ni cha kaa wa theluji wa Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi. Kaa hawa wanapenda maji karibu na kuganda. Kati ya 2018 na 2021 walitoweka kaa zaidi ya bilioni 10, na 2022 msimu wa kuwavua ukafungwa kwa mara ya kwanza. Watu walishuku wavuvi. Watafiti walipochunguza wakakuta wimbi la joto la 2018 na 2019 halikufikia hata joto ambalo kaa hao huvumilia wakiwekwa kwenye matangi. Hawakuunguzwa. Maji yalipopanda kidogo miili yao ilitaka chakula kingi mno, na walikuwa wengi waliosongamana mahali padogo. Wakafa njaa.

Upande wa pili wa Alaska, wimbi la joto la 2014 hadi 2016 liliua ndege wa baharini waitwao murre, kama milioni 4 kwa makadirio yaliyochapishwa Desemba 2024, nusu ya wote wa Alaska. Ndege hawa wanaishi hewani na juu ya maji, joto la bahari liliwagusaje? Samaki wadogo wanaowala walipungua na kukonda, na samaki wakubwa, ambao nao njaa iliwazidi, wakawa wanagombea haohao.

Adui aliyekuwa ndani siku zote

Mwanamke anayelima mwani Jambiani au Paje anaijua dalili kabla ya mtafiti. Anainua kamba, na ncha za mwani wa kotonii zimekuwa nyeupe na laini kama wali uliozidi maji. Akiutikisa, vipande vinakatika na kwenda na mkondo. Asubuhi moja ya bamvua anaweza kukuta kamba zimebaki na vifundo tu.

Zanzibar walianza kilimo hiki 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Ndani yake mna utomvu wa kugandisha unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Lakini haivumilii maji ya moto. Joto linapoilegeza, bakteria ambao huwa wamo majini kila siku wanaingia na kuioza. Maeneo mengi ya maji mafupi yameiacha, yakabaki na spinosum, aina nyingine ya mwani inayostahimili zaidi na kulipa kidogo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari Zanzibar, amefanya kazi miaka mingi na wakulima hawa kuupeleka mwani maji ya kina, kwenye nyavu mfano wa mipira mirefu. Huko maji yana ubaridi. Ila huko hakuendeki kwa miguu: kunataka chombo na kunataka kuogelea, na wakulima wengi hawakufundishwa kuogelea. Mtu akisema "wahamie tu maji mengi", aanzie hapo.

Viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, nao wana kisa chao. Tangu 2013, pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, viti vya pweza walianza kulegea, kukatika mikono na kuyeyuka kuwa ute. Aina moja kubwa yenye mikono hadi 20 na zaidi ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya wote. Miaka 12 ilipita kabla watafiti hawajatangaza, Agosti 2025, kwamba muuaji ni bakteria wa jamii ileile ya yule wa kipindupindu. Joto halikumzaa bakteria huyo, ila maeneo yenye maji ya uvuguvugu yaliumia zaidi kuliko ya baridi.

Kundi la tatu ni vijimea vinavyoelea. Maji yakitulia na kupata joto, na mbolea ya mashamba au maji taka yakiwa yamewalisha, baadhi huzaana kwa kasi mpaka bahari inabadilika rangi. Wengine wana sumu. Wengine hawana, lakini wakifa kwa pamoja huozea majini na kumaliza oksijeni. Mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa kwa wingi kutoka Somalia hadi Kiunga kaskazini mwa Kenya, na vijimea vya namna hii ndivyo vilivyoshukiwa. Kwa hiyo naomba hili lishikwe: samaki aliyeokotwa ufukweni akiwa amekufa na wenzake wengi asiliwe. Sumu za vijimea nyingi haziondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na limau halizivunji.

Na pale joto linapopika kweli

Lipo hilo pia. Mwishoni mwa Juni 2021, magharibi mwa Kanada hewa ilipanda hadi nyuzi 49.6 katika mji wa Lytton. Ufukweni maji yalikuwa yamekupwa mchana, kome na chaza wamebaki juu ya miamba bila maji, na mwamba wenyewe ukapita nyuzi 50. Wakafunguka maganda wakiwa wameiva. Mtafiti Chris Harley wa Chuo Kikuu cha British Columbia alikadiria viumbe zaidi ya bilioni moja walikufa.

Nalitaja kwa sababu ya saa. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hukupwa sana karibu saa nne na saa tano asubuhi, na vidimbwi vinabaki wazi jua likipanda utosini. Anayekwenda kuvua pweza kwa mguu anajua vidimbwi vile vinavyokuwa vya moto. Viumbe waliomo wanakaa saa kadhaa ukingoni mwa uwezo wao, kila bamvua.

Hoja ya "bahari ni kubwa, watahama"

Wenye uwezo wanahama. Jodari anahama, nguru anahama, na mvuvi mwenye ngalawa na tanga hawezi kuwafuata. Tumbawe, chaza na mwani hawana miguu. Pono na chewa wana mapezi, lakini nyumba yao ni mwamba. Wakihama wanahamia wapi?

Tena kuna jambo la Ikweta ambalo halisemwi vya kutosha. Maji ya Ureno yakipata joto, samaki wa kusini zaidi watapanda kujaza nafasi. Sisi tuko kwenye ukanda wa joto. Anayetoka kwetu kwenda kusini haachi mrithi nyuma yake, maana hakuna bahari ya moto zaidi inayotuletea waliokwisha zoea.

Si kila kifo ni cha joto

Ni kosa kubwa vilevile kulitupia joto kila lawama. Mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo takriban 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi na Kendwa. Tukio lile liliitikisa Zanzibar, na hakuna haki ya kuliingiza kwenye hesabu ya joto kwa sababu tu ulikuwa mwezi wa nne.

Ufukwe wenyewe hutoa ushahidi kwa anayeutazama. Samaki wa baruti hupasuka kibofu cha hewa na kuvunjika uti wa mgongo; wengi huzama, wanaoelea ni wachache. Waliokosa hewa mara nyingi hufa alfajiri, kwa kuwa usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali inaitumia, na kabla jua halijachomoza ndipo akiba iko chini kabisa. Utawaona walio hai wakihema juu ya maji, midomo wazi. Utupa au sumu ya kiwandani haijali mkubwa wala mdogo, hupiga kuanzia ilipomwagwa na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Joto lenyewe hupiga eneo pana, kwa wiki kadhaa, na huanza na wasioweza kusogea.

Kati ya Tanga, Pemba na Shimoni kuna mahali ambapo hesabu hii ni tofauti kidogo. Watafiti, akiwamo Tim McClanahan aliyefanya kazi Kenya kwa miongo mingi, walieleza 2020 kwamba mifereji mirefu ya chini ya bahari, iliyochimbwa zamani sana na maji yaliyoshuka kutoka milima ya Usambara na Kilimanjaro, hupitisha maji ya baridi karibu na miamba. Kwenye miaka ya joto matumbawe ya hapo yameumia kidogo kuliko ya jirani. Ndiyo bahari hiyohiyo ya Tanga ambayo wavuvi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walianza kumtoa kwenye nyavu za maji marefu silikanti, samaki wa kale ambaye dunia ilidhani alitoweka pamoja na madinosaria. Hifadhi yake ilianzishwa 2009. Bahari ya Tanga pia imepigwa baruti kwa miaka mingi. Tumbawe lililookolewa na maji baridi likavunjwa na baruti limekufa vilevile.

Kwa hiyo ukikuta samaki wamelala ufukweni, kabla ya kutuma picha kwenye kundi, andika mambo manne: saa uliyowaona, aina zao, kama kuna walio hai wanaohema, na rangi ya maji. Mpelekee afisa uvuvi au BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe, ya eneo lako siku hiyohiyo, maana oksijeni iliyokosekana alfajiri inaweza kuwa imerudi adhuhuri, na aliyekuja kupima kesho yake atakuta maji safi.